Anwani ya Lori la Kwanza

Neema na wenzako mnaobaki kwenye chumba cha kompyuta, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie jinsi programu ya ramani ya uwanja ilivyozaliwa, kwa sababu humo ndani kuna mistari ambayo hakuna hata mmoja wenu anayethubutu kuigusa. Sasa niko nyumbani Itaka. Nikishawapa kuku chakula asubuhi sina kazi nyingine mpaka mchana, kwa hiyo naandika. Habari za vyeo naziruka. Mtu akipandishwa cheo pale uwanjani alipewa kiti chenye magurudumu, na magurudumu yenyewe yalikuwa matatu.

Mume wangu anasoma huku naandika, na yeye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta, kwa hiyo mtanisamehe nikieleza hata mnayoyajua. Uwanja wetu uko Tunduma, kando ya barabara kuu, na malori ya makontena yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia huegeshwa humo kwa mistari. Kila nafasi ina namba. Gari likiingia hupachikwa getini kifaa kidogo kinachoiambia kompyuta liko wapi, na likitoka hutolewa. Kazi ya programu ni kuonyesha kwenye skrini kubwa, iliyotundikwa ofisini kwa meneja, lori gani liko nafasi gani, ili mtu akitafutwa apatikane bila kupiga honi uwanja mzima.

Siku nilipoanza kazi, meneja alikuwa Bwana Silwimba, Mnamwanga mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alisoma cheti changu, akakigeuza kuona nyuma kumeandikwa nini, akasema, "Kwa hiyo wewe ni mtu wa kompyuta."

"Ndiyo, bosi. Naandika programu."

"Vizuri," akasema, akanikabidhi feni iliyokuwa haizunguki.

Nilikaa na feni ile tangu asubuhi. Niliifungua, nikaifunga, skrubu mbili zikabaki mezani bila kazi. Saa tisa mchana akaingia mzee mmoja mfupi aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Akaitazama feni, akanitazama mimi, akachomeka waya wake ukutani. Feni ikazunguka.

"Ilikuwa haijachomekwa," akasema. "Hata jana nilimwambia meneja."

Huyo alikuwa Mzee Kibona, Mndali wa Ileje, na ndiye aliyenifundisha kazi. Ujanani alikuwa fundi redio. Programu alijifunza mwenyewe kutoka kwenye kitabu kilichopoteza kurasa arobaini za mwanzo, kwa hiyo hakuwahi kujua namna ya kuanza programu, ila kuanzia katikati na kuendelea hakuwa na mpinzani. Mwanzo niliandika mimi. Alikuwa na tabia ya kuchapisha programu nzima kwenye karatasi na kuisoma kwa penseli, polepole, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Na hakujibu swali lolote la maana kabla ya kunywa chai.

Vifaa vyetu vya kazi vilikuwa kompyuta moja, skrini ile ya ukutani, na kibodi ambayo kitufe chake cha nukta mkato kilikuwa kimeng'oka. Lugha tuliyotumia inataka nukta mkato karibu kila mwisho wa mstari, kwa hiyo bila kitufe hicho hakuna kazi. Mzee Kibona alibandika punje ya mahindi mahali pake kwa gundi. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi minane, mpaka panya akaila. Nilimwandikia meneja kuwa kazi imesimama kwa sababu panya amekula nukta mkato. Bwana Silwimba aliisoma barua mara mbili, akanipa ruhusa ya siku tatu nikapumzike.

Kabla yetu, ramani ya uwanja ilikuwa mikononi mwa Sikanyika, mlinzi mkuu wa getini. Alikuwa na ubao wa mbao aliouchora mistari ya uwanja, na kila lori likiingia alibandika kizibo cha soda kwenye nafasi yake. Kizibo chekundu, lori lenye mzigo. Cha kijani, lori tupu. Cha bia, dereva msumbufu. Ubao wa Sikanyika haukuhitaji umeme na haukuwahi kukosea, naye hakuacha kutukumbusha. Sisi tulikuwa na ahadi ya meneja kwamba, programu ikiwa tayari, ubao utapelekwa stoo. Sikanyika alikuwa na ahadi ya meneja yuleyule kwamba, programu ikishindwa, chumba chetu kitakuwa chake cha kupumzikia. Alishakuja kupima dirisha kwa ajili ya pazia.

Sasa nieleze shida yenyewe. Katika programu, orodha ya malori hukaa ndani ya kitu kinachoitwa kontena. Ni mahali kwenye kumbukumbu ya kompyuta ambapo namba hukaa zimepangwa moja baada ya nyingine, na mahali hapo hutanuka orodha ikikua. Jina hilo hatukulichagua sisi. Tungeulizwa tungelikataa, maana kufanya kazi kwenye uwanja wa makontena huku una kontena lako la peke yako ndani ya kompyuta ni kujitafutia balaa, na balaa lenyewe nalifikia.

Fanksheni za kuchora, yaani zile amri tunazoziita ili picha itokee kwenye skrini, ni za zamani kuliko kontena. Hazijui kontena ni nini. Zinataka namba tupu, zilizopangwa mstari mmoja. Mimi kwa ujana wangu nilitengeneza mstari mpya wa namba, nikanakili kila lori kutoka kwenye kontena, nikaupa fanksheni ya kuchora mstari huo. Picha ikatoka safi. Tatizo ni kwamba skrini huchorwa upya mara thelathini kwa sekunde. Ilipofika saa nne asubuhi kompyuta ilianza kusuasua. Saa sita ilikuwa imezima, na Sikanyika amesimama mlangoni na ubao wake kwapani, akitupa pole.

Mzee Kibona alinywa chai yake yote kwanza.

"Hizo kopi," akasema, "ukishazitumia unazipeleka wapi?"

"Sizipeleki popote, mzee."

"Kwa hiyo zipo."

"Zipo."

"Tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi."

"Zote."

Nilikuwa nimejaza kumbukumbu ya kompyuta kopi za malori yaleyale, mara thelathini kwa sekunde, kwa saa nne na ushee, bila kufuta hata moja. Mchana ule niliandika mstari wa kuzifuta, na kompyuta ikaanza kufika jioni, ingawa kwa taabu. Lori likiingia getini, kwenye skrini lilionekana baada ya dereva kuwa ameshakula.

Wiki iliyofuata Mzee Kibona aliweka penseli chini akauliza, "Kwani tunanakili ili iweje?"

Nikamwambia fanksheni ya kuchora inataka namba zilizopangwa mstari.

"Na ndani ya kontena zimekaaje?"

Zilikuwa zimepangwa mstari. Hivyo ndivyo lilivyotengenezwa. Tulitazamana. Wiki nzima nilikuwa nikitoa namba kwenye mstari mmoja na kuzipanga kwenye mstari mwingine uliofanana nao, ili kumpa mtu ambaye angeweza kuusoma ule wa kwanza. Fanksheni yenyewe haikuhitaji kupewa malori. Ilihitaji kuambiwa vitu vitatu tu: lori la kwanza liko wapi kwenye kumbukumbu, yako mangapi, na kutoka lori moja hadi jingine ni hatua ngapi.

Nilibadilisha palepale, kwa haraka, na kwa sababu ya haraka nikaipa anwani ya kontena lenyewe badala ya anwani ya lori la kwanza lililomo. Ni vitu viwili tofauti. Kontena lina kumbukumbu zake ndogo za kujiendesha, orodha inaanzia wapi, inaishia wapi, na fanksheni ilisoma hizo ikidhani ni malori. Namba zake zilikuwa ndogo mno, karibu na sufuri, na sufuri kwenye ramani yetu ilikuwa kona ya chini kushoto, penye mgahawa. Malori ya mwanzo yakarundikana mgahawani. Yaliyofuata hayakuonekana kabisa.

Dereva mmoja Mzambia aliyekuwa ofisini kwa meneja aliitazama skrini, akanijia taratibu. "Bamayo," akaniita mama kwa heshima ya kwao, "gari yangu mbona iko jikoni?"

Bwana Silwimba aliinuka. Alivaa kofia akaenda mgahawani kuhakikisha. Alirudi akiwa ameshika andazi, akasema huko hakuna lori.

Nilisahihisha kabla andazi halijaisha. Anwani ya lori la kwanza, siyo ya kontena. Malori yote yakarudi kwenye nafasi zake, na kompyuta ikawa nyepesi hata feni yake ya ndani ikanyamaza. Lori lilikuwa likipita getini, na kabla Sikanyika hajachagua kizibo, nukta yake ilikuwa ukutani kwa meneja. Siku hiyo nilitembea uwanjani nikisalimia watu nisiowajua.

Furaha ilidumu siku nne. Siku ya tano lori liliingia, na malori mengine yote kwenye skrini yakatawanyika. Moja likakaa juu ya nyumba ya jirani, mengine yakapotea. Nikazima, nikawasha, yakatulia. Mchana yakatawanyika tena. Tulibadilisha nyaya. Tulilaumu umeme, kisha mvua, kisha kadi ya picha. Mzee Kibona alimaliza penseli mbili. Hali ilikuwa hivyo kwa wiki tatu, na meneja akatuambia mwisho ni Ijumaa. Baada ya hapo ubao unarudi, na Sikanyika anaweka pazia lake.

Jumatano ya wiki hiyo tulikuwa mgahawani, mimi na Mzee Kibona, tukirudia jambo zima tangu mwanzo ili tuone tulipokosea. Sikuona kwamba Sikanyika yuko meza ya nyuma. Alichokisikia alikiandika kwenye daftari lake la getini, na kesho yake nililisikiliza likisomwa kwa sauti, kwa hiyo nalikumbuka neno kwa neno.

Niliitwa ofisini kwa meneja saa tatu asubuhi. Bwana Silwimba alikuwa amekaa. Sikanyika alikuwa amesimama wima. Pembeni alikuwa askari mmoja wa makamo, mpole wa uso, ana kalamu na karatasi.

"Mama Nzowa," akasema meneja, na nilijua mambo ni mazito kwa sababu siku zote aliniita mtu wa kompyuta, "huyu afande ana maswali. Sikanyika, soma."

Sikanyika akafungua daftari. "Mama Nzowa alisema: sisi hatunakili tena, tunawapa tu anwani ya cha kwanza kwenye kontena, wanaingia wenyewe. Mzee Kibona akauliza: wanachukua au wanaangalia tu? Mama Nzowa akasema: wakishapewa anwani wanapitia kimoja kimoja mpaka mwisho. Mzee Kibona akauliza: na wakizidisha? Mama Nzowa akasema: wakizidisha wanaingia hata kwa jirani, kwa sababu humo ndani hakuna mlinzi kabisa." Hapo alimtazama askari kuhakikisha anaandika. Akaendelea. "Narudia: hakuna mlinzi kabisa."

"Nimefanya kazi geti hili miaka kumi na mmoja," akamwambia askari.

Askari akanigeukia. "Hao unaowapa anwani ni akina nani?"

"Ni fanksheni za kuchora, afande."

Akaandika. "Wanaishi wapi?"

Niliona kwamba nikiendelea hivyo nitalala mahabusu. Nikamuuliza afande kwao ni wapi. Akasema Igamba. Nikamuuliza kama wana kahawa. Akasema baba yake ana mibuni mia nne.

"Afande, msimu wa kuchuma mnapochukua vibarua, mnang'oa mibuni mkawapelekea walipo?"

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. "Hapana."

"Mnawaambia nini?"

"Tunawaonyesha mti wa kuanzia. Tunawaambia miti mingapi. Wanafuata mstari."

"Basi ndivyo hivyo. Ndani ya kompyuta kuna shamba, tunaliita kontena, lakini si haya yaliyoko nje. Mchoraji ni kibarua. Zamani nilikuwa namng'olea mibuni yote nampelekea, mara thelathini kwa sekunde. Sasa namwonyesha mti wa kwanza, namwambia idadi, basi."

Bwana Silwimba aliuliza kama kuna kahawa inayohusika na uwanja wake ambayo hakuarifiwa. Askari alimwonyesha kiganja asubiri. Alikuwa ameacha kuandika, anafikiri kweli.

"Na hilo la mlinzi?"

"Kibarua akiambiwa miti mia tano na shamba lina mia nne, ataingia shamba la jirani na kuendelea kuchuma. Hakuna wa kumzuia. Ndiyo maana nilisema hakuna mlinzi. Sikumsema kaka Sikanyika."

Sikanyika alitazama dirishani.

"Nimekuelewa," akasema askari. "Lakini nina swali. Hiyo anwani ya mti wa kwanza unampa kila siku, au ulimpa mara moja?"

"Mara moja, asubuhi programu inapowashwa. Haibadiliki."

"Na shamba likijaa? Mzee wangu lilipojaa alinunua kubwa zaidi upande wa Itaka, miche yote akaihamishia huko. Kuna kibarua hakuambiwa. Alikwenda palepale pa zamani, akakuta mtu mwingine ameshapanda maharage, akachuma maharage."

Neema, nyote mnajua kontena likijaa hufanya nini. Linatafuta mahali papana zaidi kwenye kumbukumbu, linahamisha kila kitu, linaacha pa zamani. Na mimi nilikuwa nimemwachia mchoraji anwani ya zamani. Wiki tatu alikuwa akichuma maharage.

Niliinuka nikatoka. Sikuomba ruhusa, sikukumbuka kama nahojiwa. Nyuma yangu nilimsikia Sikanyika akisema mtuhumiwa anakimbia, na kweli nilikuwa nakimbia, naye akanikimbiza, na askari akamfuata Sikanyika, na meneja akawafuata wote kwa sababu ofisini alibaki peke yake. Nilikaa mbele ya kibodi. Niliufuta mstari uliohifadhi anwani asubuhi, nikaandika mwingine wa kuiuliza upya kila kabla ya kuchora. Kuuliza hakuna gharama yoyote. Kisha nikaongeza mstari wa kutenga nafasi kubwa tangu mwanzo, ili kontena lisihamehame bila sababu. Mzee Kibona alisimama nyuma yangu na kikombe chake. Nilimwambia, "Linahama, mzee." Akaweka kikombe mezani, akasema, "Maskini penseli zangu."

Tulirudi wote watano kusubiri mbele ya skrini ya meneja. Lori likaingia. Kwenye skrini ikaongezeka nukta moja, na nyingine zote zikakaa mahali pake. Likaingia la pili, la tatu, mpaka la tisa. Hakuna kilichosogea.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," akasema askari. Alichukua karatasi yake akaandika mstari wa mwisho, na aliponipa nisaini niliusoma: Kontena lilihama na mtuhumiwa hakujua. Nilisaini. Ulikuwa ukweli mtupu. Kwa miaka mingi baadaye, tukikutana sokoni, alikuwa akiniuliza kwa sauti ya chini, "Halijahama tena?" nami namwambia bado, afande.

Sikanyika nilimwomba radhi rasmi. Aliikubali kwa sharti kwamba kwenye programu niweke mlinzi. Niliweka. Kuna mstari unaohakiki idadi kabla ya kumpa mchoraji, na fanksheni hiyo inaitwa Sikanyika. Neema, uliwahi kuniuliza kama hilo ni neno la Kilatini.

Limebaki jambo moja, la ziara ya mkurugenzi. Alikuwa anakuja kutoka makao makuu Dar es Salaam kuiona ramani kwa macho yake. Asipoipenda, chumba kinafungwa, na mimi na Mzee Kibona tunarudi nyumbani. Tulipima kila kitu. Tulipima malori mengi, malori mengi zaidi, malori yakiingia pamoja, yakitoka pamoja. Nililala vizuri.

Asubuhi ya ziara Bwana Silwimba aliamua kwamba mgeni hawezi kukuta uwanja umejaa matope na mafuta. Bila kutuambia, aliagiza malori yote yatoke. Foleni aliyoisababisha barabarani siku hiyo sitaieleza, wapo madereva ambao bado hawajamsamehe. Lori la mwisho lilitoka saa nne kamili, na saa nne kamili programu ikafa.

Kontena tupu halina kitu cha kwanza. Nilikuwa naomba anwani ya kitu ambacho hakipo, na kompyuta ikakata tamaa. Nilikuwa nimeandika programu kwa ajili ya Tunduma, na Tunduma malori hayaishi. Haikunijia kwamba ipo siku uwanja ungekuwa mtupu.

Mkurugenzi akaingia ofisini kwa meneja. Akatazama skrini nyeusi. Akatazama ubao wa Sikanyika, ambao mwenyewe alikuwa ameutoa stoo asubuhi hiyo, haukuwa na kizibo hata kimoja na ulikuwa sahihi kabisa.

"Ramani iko wapi?" akauliza.

Meneja alinitazama. Mimi nilimtazama Mzee Kibona. Mzee Kibona akainua simu ya mezani, akapiga getini. "Ingizeni gari," akasema. "Lolote." Akasikiliza. "Hata hilo."

Dirishani tuliliona trekta la kuvuta tangi la maji likipita getini, dereva wake amevaa ndala. Nilikimbilia chumbani kwetu, nikawasha programu upya, nikarudi. Kwenye skrini ikatokea ramani ya uwanja mzima, safi, na ndani yake nukta moja ikisogea.

"Ile ni nini?" akauliza mkurugenzi.

"Ni trekta la maji," nikasema.

Alikwenda dirishani akalitazama trekta, akarudi kwenye skrini, akarudi dirishani. Trekta likasimama na nukta ikasimama. Nilimwona anaanza kutabasamu. "Na likitoka?"

Hapo ningeweza kusema lolote. Mzee Kibona alikuwa ananitazama juu ya miwani, na nilijua nikidanganya sitaweza tena kunywa chai naye. "Likitoka, mkurugenzi, skrini itazima. Nilisahau kupima uwanja mtupu. Kosa ni langu."

Bwana Silwimba alifumba macho.

"Litoke," akasema mkurugenzi.

Ikapigwa simu. Trekta likageuka polepole, likamwaga maji kidogo, likapita getini. Skrini ikazima. Mkurugenzi alipiga makofi. Nadhani alikuwa hajawahi kuambiwa jambo na mfanyakazi likatokea kama lilivyosemwa. Aliagiza liingie tena na kutoka tena, mara tatu. Kila likiingia nilikimbia kuiwasha upya programu, kila likitoka ilikufa, naye alifurahi kama mara ya kwanza. Dereva wa trekta hakuwahi kuelezwa alifanya kosa gani.

Jioni hiyohiyo niliuandika mstari unaouliza kwanza kama kontena ni tupu, na kama ni tupu usiombe anwani, chora uwanja bila kitu, endelea na maisha. Mzee Kibona aliusoma kwa penseli, hakuandika chochote pembeni. Asubuhi iliyofuata meneja alituita akatuambia chumba kinabaki, na kwamba mkurugenzi ameomba tumfungie ramani kama hiyo makao makuu. Yake isionyeshe malori. Ionyeshe wafanyakazi wake, nani yuko kwenye meza yake na nani hayuko.

Tuliifunga, na mpaka nastaafu ilikuwa inafanya kazi. Neema, uliniuliza kama mstari wa kontena tupu unaweza kufutwa, kwa kuwa kwenye uwanja wetu umetumika mara moja tu tangu uandikwe. Usiufute. Kule makao makuu unatumika kila Ijumaa, kuanzia saa nane mchana.